Mwanga Alioona Agripina

Mvua zikishika, kitongoji cha Isene hugeuka kisiwa. Ziwa Kitangiri hupanda na kufunika njia. Zahanati hubaki ng'ambo, mwendo wa saa nzima kwa mtumbwi. Simu nayo hushika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu.

Asubuhi moja Kristina alikuwa anapaa samaki nje. Mkwe wake Agripina, mwenye mimba ya miezi minane, alisimama ukingoni akitazama ziwa. Ndoo yake ilikuwa bado tupu.

"Mama, nani kawasha taa kule?" aliuliza.

Kristina aliinua macho. Jua lilikuwa kali. Ziwani hapakuwa na mtu wala mtumbwi.

Akaweka kisu chini. Miaka sita iliyopita binti yake Magdalena, naye mjamzito, alisema anaona cheche juu ya maji. Jioni ile alianguka, akakakamaa, akafa. Watu walisema ziwa limemwita.

Kristina alimwingiza Agripina ndani, akafunga mlango na kufukiza majani. Alimwonya asiitike akisikia jina lake. Agripina alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Ndani ya moshi, uso wake ulikuwa umejaa, macho yamebaki vijitundu. Kristina alimtazama, akaona kama amefungiwa na mtu asiyemjua. Kisha Agripina alinyoosha kidole ukutani.

"Zimeingia ndani," alisema polepole.

Mumewe, Fredrick, alikimbilia kichuguuni akampigia Joyce, mhudumu wa afya wa jamii anayekaa ng'ambo. Joyce alimwambia amlete mkewe haraka. Lakini Kristina aliziba mlango. Kumpitisha ziwani, alisema, ni kumpeleka kwa hao wanaomwita. Fredrick alimsihi mama yake aende mwenyewe kichuguuni kuongea na Joyce. Mwishowe akakubali.

"Shikamoo mama," Joyce alisema kwenye simu. "Hakuna anayemwita. Kichwa kuuma sana, uso kuvimba, kuona mwangamwanga, hizo ni dalili za presha ya mimba. Ikizidi huleta degedege, ndiyo kifafa cha mimba. Ukimfungia humo anaweza kufa."

Kristina aliuliza, "Na Magdalena?"

"Kwa nilivyosikia habari zake, mama, nadhani naye alikuwa hivyo hivyo."

Kristina alirudi, akafungua mlango.

Walimlaza Agripina kwa ubavu wa kushoto ndani ya mtumbwi, kama Joyce alivyoagiza. Ziwa lilikuwa kimya mno. Agripina alinong'ona na watu wasioonekana, akiwaambia wapunguze mwanga. Kristina aliogopa, lakini hakumwachia mkono. Fredrick alipiga kasia bila kupumzika.

Kwenye zahanati muuguzi alimpima. Presha ilikuwa juu sana. Alimchoma sindano ya kuzuia degedege, gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali. Huko alifanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Baada ya siku chache Agripina hakuona tena taa zozote.

Muuguzi aliwaeleza kuwa presha hiyo ingegundulika mapema kama Agripina angepimwa kila mwezi. Tangu mvua zianze hakuwa amehudhuria kliniki.

Kristina alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akasimulia yote, hata habari za binti yake. Alisema watu wa Isene wanakufa kwa kuwa mbali na matibabu. Wanakijiji waliandika barua kuomba huduma ya mkoba, yaani wauguzi wawafuate kijijini, wakaifuatilia mara tatu. Sasa muuguzi huvuka kila mwezi na kipimo chake. Mtumbwi mmoja hauendi tena kuvua; unasubiri wagonjwa. Nao wajawazito waliokaribia kujifungua huhamia kwa ndugu ng'ambo kabla mvua hazijakolea.

Mwezi uliopita muuguzi alimpima Dina, mjamzito mwingine wa Isene. Dina hakuumwa kichwa wala hakuona kitu. Alikuwa anacheka na wenzake. Lakini presha yake ilikuwa imepanda. Alipoambiwa avuke mara moja, alitaka kwanza aende nyumbani akamalize kupika.

"Ugali wako nitausonga mimi," Kristina alimwambia. "Wewe panda mtumbwi."

Dina akapanda.