Sweta za Saizi 29

Kila asubuhi, hata kabla maduka ya Bukoto hayajafunguliwa yote, mashine mbili za kufuma sweta huanza kulia nyumbani kwa Akech. Moja anaiendesha mfanyakazi wake Kaltumi, nyingine anaiendesha Akech mwenyewe. Wageni hukaa juu ya marobota ya uzi, maana viti vilishaondolewa kupisha mashine.

Akech na mumewe Okinyi ni watu wa Kisumu. Hapa Kampala wanafuma sweta za shule. Uzi wanaununua Nairobi kwa shilingi za Kenya, na sweta wanaziuza kwa shilingi za Uganda. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Akech aliweka mpango wa fedha wa mwaka mzima kwenye kompyuta, kila shule na ukurasa wake. Shilingi ya Kenya ikipanda au ikishuka, ilimbidi apite ukurasa kwa ukurasa. Uzi mwekundu, futa bei ya zamani ya shilingi, andika mpya. Uzi wa bluu, futa, andika. Vifungo, nauli ya mzigo, hivyo hivyo. Akimaliza, shingo inamuuma, na mara nyingi shilingi yenyewe imeshabadilika tena.

Jumanne moja Okinyi alipiga simu kutoka Nairobi, alikokwenda kununua uzi.

"Mama Moreen, shilingi ya huku imepanda. Ilikuwa 28 za Uganda, sasa ni 29."

"Imepanda leo? Na leo ndiyo Bwana Odoch anasubiri bei zetu?"

Bwana Odoch alikuwa mhasibu wa shule moja kubwa ya Ntinda. Shule ile ikiwakubali, mashine zote mbili zingekuwa na kazi mwaka mzima. Ikiwakataa, ingebidi mashine moja iuzwe, na Kaltumi angerudi kukaa nyumbani. Kaltumi alilijua hilo. Mashine yake ilikwenda mbio kuliko siku zote.

Akech alikuwa na haraka. Akakumbuka kwamba kompyuta inaweza kutafuta namba na kuibadilisha kila mahali kwa mara moja. Akaiambia itafute 28 na kuweka 29. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

"Kumbe nilikuwa najitesa bure," akasema. Akahifadhi, akamtumia Bwana Odoch, akaenda kuteleka chai.

Chai haijachemka, simu ikalia.

"Nyabo," alisema Bwana Odoch kwa heshima ya Kiganda, "hii saizi 29 iko namna gani?"

"Saizi gani?"

"29. Mimi najua 26, 28, 30. Hii sijaona hata siku moja. Na primari tatu umeandika watoto 290. Mimi niko na 280. Hawa kumi umetoa wapi?"

Akech alirudi mbio kwenye kompyuta, akaiona 29 kila mahali.

"Kamati inakaa kesho saa nne," Bwana Odoch aliendelea. "Nikipeleka karatasi hii, watasema huyu mama hajui hata sweta."

"Kesho asubuhi nitaleta nyingine, ssebo. Nitaleta mwenyewe, na itakuwa sawa."

Akakata simu. Kaltumi alikuwa amesikia yote.

"Saizi 29," Kaltumi akasema, "tunamfumia mtoto wa nani?"

Wakacheka, ingawa kicheko cha Akech hakikufika mbali. Akavuta robota la uzi mbele ya kompyuta, akakaa. Alikuwa ameshaamua. Shule hii haiondoki kwa sababu ya uvivu wake wa dakika moja.

Wakati huo akaingia jirani yao Zulaikha, kuchukua sweta ya mwanawe. Zulaikha alikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya mabasi. Akech akamweleza yaliyotokea.

"Kompyuta imekutii," alisema Zulaikha. "Yenyewe haijui ipi ni saizi, ipi ni watoto, ipi ni pesa. Imeona 28, imeweka 29. Nakala ya zamani unayo?"

"Nimehifadhi juu yake." Kisha Akech akakumbuka. "Ngoja. Mwezi jana nilimtumia baba Moreen kwa WhatsApp."

"Mwambie airudishe. Na kuanzia leo, kabla hujagusa kitu, weka nakala kwanza."

Okinyi aliirudisha nakala. Akech akashika kipanya.

"Sasa nipite namba kwa namba. Hata kama ni mpaka jioni."

"Na keshokutwa shilingi ikibadilika?" Zulaikha aliuliza. "Dada, ukitaka kuzima taa za nyumba nzima, unazunguka chumba kwa chumba?"

"Nazima meni swichi."

"Basi tuweke meni swichi."

Walifungua ukurasa mpya wa mbele. Kwenye kisanduku kimoja Akech akaandika 29. Pembeni akaandika: bei ya shilingi ya Kenya.

"Sasa nenda kwenye uzi mwekundu," alisema Zulaikha. "Usiandike 29. Iambie kompyuta ichukue bei ya Nairobi, iizidishe kwa kisanduku kile."

Akech aliandika, akanakili kwenye mistari ya chini. Mstari wa kwanza ukatoa bei. Mingine yote ikatoa sifuri.

"Kisanduku kinahama unaponakili," alisema Zulaikha. "Kifunge kwa alama ya dola, $, kisisogee."

Akakifunga. Bei zikatokea zote. Walipita kurasa zote hivyo, Akech akinung'unika kwamba ni kuzunguka kulekule, na Zulaikha akimjibu kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

"Tumemaliza," alisema Akech.

"Bado. Tuijaribu. Weka 10 kwanza, hesabu rahisi."

Akech aliweka 10. Uzi wa shilingi 600 za Kenya ukawa 6,000. Saizi 28 ilibaki 28. Watoto 280 walibaki 280. Lakini bei ya vifungo haikusogea. Akech akaikagua na kukuta bado ni namba aliyoiandika kwa mkono. Akaiunganisha na kisanduku kile, kisha akarudisha 29.

Asubuhi ya pili alikuwa ofisini kwa Bwana Odoch. Mzee yule alipitisha kidole kwenye karatasi, akitafuta saizi 28. Akaiona.

"Sasa, na shilingi ya Kenya ikifika 30?"

Zamani swali hilo lingemrudisha Akech nyumbani kwa siku nzima. Alifungua kompyuta, akabadilisha kisanduku kimoja.

"Ikifika 30, sweta ndogo tutafuma bure, bila faida," alisema. "Nikiulizwa ukweli, ndio huo. Kwa hiyo bei hii itabaki hivi mkitoa pesa za uzi mapema, niununue sasa."

Bwana Odoch alimtazama. "Jana uliniletea watoto ambao sina. Leo unanionyesha hasara ambayo haijafika." Akachukua karatasi, akaingia kwenye kikao.

Akech alingoja nje kwenye benchi. Bwana Odoch alipotoka, hakuzunguka maneno.

"Wamekubali. Pesa za uzi utapata. Lete sampuli Ijumaa."

Akech alimpigia Kaltumi palepale. Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa inalia.

"Tumepata," alisema Akech. "Anza sampuli."

Mashine ikanyamaza kidogo.

"Nianze na saizi gani?"

"Ishirini na nane," alisema Akech.