Ile Kioo Nilifunga na Karatasi

Asubuhi ile nilikuwa nafagia kiwanja.

Nilifagia vizuri kuliko siku zote. Mama alisema polisi wanakuja, na polisi ni wageni.

"Gorret, serikali inakuja hapa na kiwanja iko hivi? Watasema sisi ni watu gani?"

Basi nikafagia. Nilianza kwa mlango ya stoo, nikapita chini ya dirisha, nikafika mpaka barabara. Nyayo zote zikapotea. Kwa ukuta kulikuwa na damu kidogo. Nikaleta maji na kitambaa, nikapangusa.

Chini ya dirisha nilipata kipande ya kioo, ndefu kama kidole. Damu ilikuwa imekauka kwa ncha. Kwetu kioo haitupwi hivi hivi, itakata watoto. Nilikata karatasi kwa daftari yangu ya hesabu, nikaifunga, nikaiweka kwa shimo ya takataka, pale kwa ndizi.

Ile stoo ni chumba moja ya nyumba yetu, hapa Bwera. Hajji Baker amepanga hapo, anaweka vanila yake. Yaya wangu Thembo, kaka yangu mukubwa, ndiye alikuwa analinda. Mchana anaendesha boda mpaka Mpondwe, usiku analala kwa mlango ya stoo. Usiku ule usingizi ilimushinda. Mwizi alivunja kioo ya dirisha, akabeba vanila yote.

Kulipokucha, jirani wote walikuja kuangalia. Waliingia stoo, wakatoka, wakashika dirisha. Hajji Baker akafika. Aliangalia dirisha, kisha akaangalia mukono ya Thembo. Ilikuwa na kidonda.

"Hii ni nini?"

"Ni cheni ya pikipiki, Hajji. Tangu juzi."

"Cheni! Siku hizi cheni inavunja dirisha?"

Watu wakacheka, lakini kicheko ile haikuwa nzuri. Mutu moja akasema, "Mulinzi ndio mwizi." Mwingine akaokota fimbo. Thembo aliniangalia, kisha akakimbia. Baadaye tulisikia amevuka mpaka, iko kwa mjomba kule Kasindi, upande ya Congo.

Watu walipoondoka, ndipo Mama alinipa ufagio.

Polisi wawili wa hapa walifika saa nne. Walifunga kamba, wakaandika majina ya wote walioingia stoo. Orodha ilijaa ukurasa. Wakasema tungoje mukubwa wa kuchukua alama, kutoka Kasese.

Alifika saa nane, kwa boda, na sanduku nyeusi kwa magoti. Alikuwa mwanamke, jina yake Afande Jolly. Viatu yake ilikuwa na matope ya mahali ingine. Alisimama kwa kamba, akaangalia chini muda mrefu.

"Nani amefagia hapa?"

Akaangalia watu, moja moja.

"Nauliza! Leo hata kuku haijapita hapa?"

Mama aliangalia miguu yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango ya jikoni. Mimi ni mutu ya haya. Hata darasani mwalimu akiniuliza, sauti inapotea.

Jirani yetu wa duka, Mama Nasif, akasema, "Afande, si ungesema asante? Kwetu mugeni anafagiliwa."

"Mimi si mugeni, mama. Nakuja kusoma hii udongo: nani alipita, alivaa nini, alitoka wapi. Sasa mumefuta yote. Nisome nini?"

Alikaa juu ya sanduku yake, akafunga macho kidogo. "Hii ni ya tatu tangu jana," alisema. "Kule Mubuku walishika kufuli wote, moja moja, kama wanasalimia bibi harusi. Kasenyi, mvua ilifika mbele yangu. Na hapa ni ufagio."

Lakini alisimama tena, akafanya kazi. Alipiga picha kutoka mbali, kisha karibu. Alipima kutoka dirisha mpaka mlango, akachora. Alipaka unga nyeusi kwa dirisha, akatikisa kichwa.

"Hapa iko vidole ya kijiji mzima."

Mama alimukaribia. "Afande, utajua kama ni mutoto wangu?"

"Mama, bila kitu ya kupeleka maabara, inabaki maneno. Watu wanasema ni yeye. Yeye anasema hapana. Nani atashinda?"

Mama alikaa chini kwa udongo safi niliyofagia. Hapo ndipo nilitoka jikoni.

"Ni mimi nilifagia."

"Ongea, sikusikii."

"Mimi. Na kioo moja iko. Iko na damu."

Nilimupeleka kwa shimo. Nikainama nichukue.

"Simama hapo! Hakuna kugusa!"

Alivaa glavu mpya. Aliweka kibao ya namba, akapiga picha, kisha akafungua karatasi polepole.

"Hukufunga na kaveera, mufuko ya plastiki?"

"Hapana, afande."

Kwa mara ya kwanza alicheka. "Kaveera inashika unyevu, damu inaoza. Karatasi inapumua. Umeharibu kumi, umeokoa moja." Akaangalia karatasi tena. "Na hii hesabu namba tatu umekosa."

Alitia kioo na karatasi yake ndani ya bahasha. Akaandika tarehe, saa, mahali, na jina yake. Akafunga, akaweka sahihi juu ya gundi.

"Kila mutu atakayepokea hii bahasha ataweka sahihi," alituambia. "Sahihi moja ikikosa, kortini watauliza: siku ile ilikuwa wapi? Nani aliifungua? Na kesi itaanguka."

Kisha alichukua fomu, akaandika juu ya goti.

"Hii ni ya kuomba maabara ya serikali, Kampala. Lazima niandike swali. Hawajibu kitu ambayo sikuuliza. Nauliza: hii ni damu ya mutu? Ni ya nani?"

"Watatupa jina?" Mama aliuliza.

"Damu haina jina, mama. Iko na DNA, na kila mutu na yake. Lazima tuwape ya mutu wa kulinganisha. Thembo akuje posti ya polisi, tupanguse mate ndani ya shavu. Ni dakika moja. Kama si yeye, karatasi itasema si yeye."

Alichukua alama za vidole yangu pia. Niliogopa. "Si kwa sababu wewe ni mwizi," alisema. "Ni kwa sababu ulishika. Lazima nijue yako ili niiondoe."

Jioni nilimupigia Thembo, nikamueleza yote.

"Gorret, nimechoka," alisema. "Hata nikitoa damu ya mwili mzima, watasema ni mimi." Akakata simu.

Tulingoja. Kila Jumatatu Mama alitembea mpaka posti, akarudi na miguu imevimba. Jibu ilikuwa moja: bado. Kwa kisima wanawake walinyamaza tukifika. Pikipiki ya Thembo ililala kwa ukuta, kuku zikataga mayai kwa kiti.

Mwezi wa pili wa kungoja, duka ya Mama Nasif ikavunjwa.

Mara hii hakuna mutu aliyefagia. Mama yangu mwenyewe alisimama kwa njia, ameshika ufagio kama bunduki.

"Rudi nyuma! Wewe, Syahuka, unaenda wapi?"

"Naangalia tu, mama!"

"Angalia na macho, miguu ibaki hapo!"

Tulizungusha kamba ya ndizi. Mvua ilikuwa inakuja, na nyayo moja ilionekana vizuri kwa udongo. Nikaifunika na beseni, sikuigusa. Mama Nasif aliita posti kabla ya kuhesabu vitu yake.

Afande Jolly alipofika aliangalia kamba, akaangalia beseni, akamuangalia Mama. "Leo mumenipumzisha," alisema.

Alipata nyayo nzima, na vidole kwa kopo ya sukari. Siku tatu baadaye walishika mwanaume moja Mpondwe na vitu ya duka. Vidole ilikuwa yake. Kwa mukono alikuwa na kovu ndefu. Afande Jolly hakusema, "Basi ni yeye." Alichukua mate yake, akaandika fomu ingine, akauliza maabara: je, hii ni sawa na damu ya kioo ya Bwera?

Leo jibu imefika. Damu ni ya yule mwanaume.

Hajji Baker alikuja mwenyewe. Alitoa kofia, akashindwa kukaa.

"Mama Thembo, nilikosa."

"Usiniambie mimi, Hajji," Mama alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Mwenye kuambiwa hayuko hapa."

Nikachukua simu ya Mama, nikaandika:

"Yaya, damu si yako. Karatasi ya Kampala imesema. Hajji amekuja na kofia kwa mukono. Kuja nyumbani. Ningeacha kufagia, pengine ingeisha siku ile ile. Nisamehe. Gorret."

Nilituma saa kumi ya jioni. Mama ameuliza mara tatu kama Thembo amejibu. Nimeangalia tena sasa hivi. Iko na tiki moja tu, haijamufikia.