Vema kwenye Mstari wa Nne

Chumba cha kufunga vidonda kilikuwa kimefurika asubuhi ile. Watoto walilia, wazee wakanung'unikia foleni, na harufu ya dawa ya sakafu ikapanda mpaka kichwani. Katikati ya zogo hilo alikuwepo msichana wa mwaka wa mwisho wa uuguzi, sare yake nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, mikono yake myepesi kiasi kwamba wenzake walimwita Chapuchapu. Mbele yake akakaa mwanamume mrefu wa shati la samawati, kiganja kimefungwa kwa leso iliyolowa damu.

"Kioo cha dirisha," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulikuwa unachungulia kwa nani?"

"Kwangu! Funguo nilizisahau ndani."

"Wote husema hivyo. Haya, nakuchoma sindano ya pepopunda. Kuna dawa inayokudhuru?"

"Dawa hakuna. Hayo macho yako ndiyo sijui."

"Macho hayamo kwenye orodha. Kunja mkono wa shati."

Akatoka pale na bandeji na namba ya simu. Wiki mbili zilizofuata simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula maneno yako, yameniacha na njaa." Wiki ya tatu mkuu wa chuo akaingia darasani kumtambulisha mkufunzi mpya, na Chapuchapu akadondosha kalamu. Alikuwa yeye, bandeji bado ipo kiganjani.

Kanuni ilikuwa wazi: mkufunzi hamtahini ndugu wala mchumba. Lililotakiwa ni kusema tu.

"Tusubiri mtihani upite," msichana akasihi. "Wakijua, watasema alama zangu ni zako."

"Sawa, Sista wangu. Mdomo nimeufunga."

Kumbe walikuwa wanafunika moto kwa nyasi. Siku ya mtihani wa vitendo vituo vilikuwa kumi, kengele ikilia kila dakika tano, na kituo cha sita, cha sindano, alikaa yule mkufunzi na karatasi yake ya kupimia. Mstari wa nne ulikuwa na nyota: *Ameuliza kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa.* Anayeuruka huo hufeli, hata mengine yote ayapatie, naye hurudia mwaka mzima.

Mgonjwa alikuwa mdoli. Hakuna mwanafunzi aliyependa kuzungumza na mdoli, maana unauliza na macho ya plastiki yanakukodolea tu. Chapuchapu alinawa, akasoma kichupa, akavuta dawa. Akayahisi macho ya mpenzi wake mgongoni, akaharakisha. Akachoma. Kengele ikalia.

Mkufunzi alibaki na kalamu hewani, juu ya mstari wa nne. Akilini alimwona akirudia mwaka, akilia, pengine akimchukia. Akaweka alama ya vema.

Jioni simu ikaita.

"Mpenzi, mstari wa nne... niliuliza?"

"Uliuliza. Kwa sauti ya chini."

"Mbona sikumbuki?"

"Woga huo. Pumzika, umefaulu."

Alifaulu kweli, akapangiwa wodi ya wanawake, akavishwa pete. Mwezi wake wa tatu kazini alilazwa fundi cherehani mwenye jipu pajani, mama wa watoto watatu, mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Sista, pete hiyo! Nikitoka hapa gauni la harusi nalishona mimi. Kiuno hicho nakijua kwa macho tu."

Chapuchapu alicheka, akamchoma penisilini, akageukia kitanda cha pili. Wagonjwa walikuwa kumi na wanane na wauguzi wawili.

"Sista," fundi akaita, "mbona koo linanibana?"

Walihangaika naye nusu saa. Mumewe alifika wakati wanamfunika shuka, mkononi ana daftari la kliniki alilokuwa amerudi nyumbani kulifuata. Kwenye jalada paliandikwa kwa wino mwekundu: *Asichomwe penisilini.*

Kamati ya nidhamu ikaketi. Mwenyekiti akaitoa ile karatasi ya kituo cha sita. "Tulikufundisha, tukakupima, ukafaulu. Vema hii hapa. Kwa hiyo huu si ujinga, ni uzembe. Njoo kesho usikie uamuzi."

Alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa mchumba wake. Akamkuta amesimama kando ya lile dirisha, kioo kipya, uso umemshuka.

"Tuondoke," akasema mkufunzi. "Tufunge ndoa, tuanze upya mji mwingine."

"Nijibu moja tu. Niliuliza?"

"Mpenzi..."

"Niliuliza?"

"Hukuuliza." Akakaa chini. "Woga ulikuwa umekushika. Nilikuonea huruma."

"Ungenifelisha ningelia mwaka mmoja. Wale watoto watalia mpaka lini?"

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wakati huu walilia wengi.

"Na mimi simo kando," msichana akaendelea, machozi yakimchirizika. "Nilijua. Nilikupigia simu nikitaka unidanganye."

Akaivua pete, akaiweka dirishani taratibu.

Asubuhi yake mkufunzi alikwenda mbele ya kamati akasema yote, kuanzia bandeji mpaka vema. Akafukuzwa kazi. Chapuchapu alinyang'anywa leseni, akarudishwa mwaka wa mwisho, na jina la utani hakuna aliyelitaja tena. Mkufunzi alimpigia simu mara moja tu.

"Utanisamehe?"

"Nakupenda bado, ndilo linaloniuma. Lakini nikisikia sauti yako nasikia na ya yule mama. Usinipigie tena."

Mwaka ukapita. Vituo vilevile kumi, kengele ileile. Kituo cha sita alikaa mwanamama wa miwani asiyemjua. Msichana alinawa, akasoma kichupa, akavuta dawa. Kisha akainama mpaka sikioni mwa mdoli.

"Mama, kuna dawa inayokudhuru?"

Akanyamaza, sindano mkononi. Dakika ikapita, ya pili ikaingia.

"Endelea, binti," mtahini akasema kwa upole. "Huyo hajibu."

"Najua, mwalimu. Namsubiri."

Kengele ilipolia, dawa ilikuwa bado imo ndani ya sindano. Kwenye karatasi ya mwanamama vema ya mwisho ilikuwa ya mstari wa nne, na chini yake palikuwa patupu.