Asioge Kwanza

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alasiri, binti yangu Olive alirudi nyumbani, mtaa wa Fordsburg, bila viatu.

Sisi ni Warundi, wakimbizi hapa. Mimi ni fundi cherehani. Mama yake Olive alifia kwenye foleni ya hospitali miaka minne iliyopita. Tangu hapo siamini ofisi yoyote ya nchi hii.

"Papa, ni Octave," Olive alisema. "Alinikuta peke yangu saluni ninakosuka. Amenibaka."

Octave huleta nywele za bandia saluni. Tena ndiye anayepiga kinanda kanisani kwetu.

Nikabandika maji jikoni. Mama yangu alitulea hivyo: mtu akiumizwa, aogeshwe kwanza. Baadaye ningewaita wazee wa kanisa, wamkalishe Octave chini.

Mlango ukagongwa. Ni jirani yetu Arlène, muuguzi wa kliniki. Alikuwa amemwona Olive kwenye ngazi. Nikamweleza.

"Papa Bertrand, asioge kwanza," alisema. "Maji yataondoa ushahidi."

"Ushahidi wa kumpa nani? Polisi? Karatasi zetu za ukimbizi zimeisha muda. Watatufunga sisi."

"Aliyebakwa hutibiwa hata bila karatasi. Twende hospitali sasa. Dawa ya kuzuia Ukimwi lazima ianze kabla ya siku tatu kuisha. Ikianza mapema ni bora."

"Hawa wakubwa wa serikali wanajisifu kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa. Mbona polisi wenyewe wanaandika makumi ya maelfu ya ubakaji kila mwaka?"

"Na hao ni waliosema tu. Wengine wamenyamazishwa na baba zao."

Nilikasirika. Ila Olive akasema polepole, "Papa, wazee watamwombea Octave, halafu Jumapili atapiga kinanda. Mimi nataka aandikwe polisi."

Nikazima jiko.

Arlène alitia nguo za Olive kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu, ushahidi unaharibika. Hospitalini daktari mwanamke alimpima, akachukua sampuli za ushahidi za kupeleka maabara. Akampa dawa ya kuzuia mimba, na ile ya Ukimwi ya siku ishirini na nane.

Kituoni, polisi wa mapokezi hakuinua hata kichwa.

"Eish, baba, hayo ni mambo ya wapenzi. Lete pasipoti kwanza."

Nikamtazama Arlène: si nilikuambia?

Yeye hakupandisha sauti. "Afande, huruhusiwi kumrudisha nyumbani. Utaandika, au nimwite mkubwa wako?"

Akaguna, akamwita mwenzake mwanamke. Huyo alimsikiliza Olive kwenye chumba cha faragha, akaandika maelezo, akatupa namba ya kesi.

Octave alikamatwa wiki ile ile. Wazee wa kanisa wakaja.

"Mmeliaibisha kanisa," walisema.

Olive akawajibu, "Kinanda kipo, wazee wangu. Tafuteni mpigaji mwingine."

Alimaliza dawa zote. Vipimo vya damu vimetoka, hana virusi. Amerudi kusuka watu, saluni nyingine, Randburg.

Lakini Octave yuko nje kwa dhamana. Hakimu anaahirisha kesi, anasubiri majibu ya maabara. Mwezi wa tisa umeingia. Nimepiga simu, nimekwenda mwenyewe, nimeuliza polisi, nimeuliza mwendesha mashtaka. Kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Binti yangu hakuoga, kama tulivyoambiwa. Ushahidi wake uko wapi?