Uzi wa Njano wa Bunduki Namba Tatu

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikigonga, mimi na Kijiti tulikuwa wa kwanza kutoka getini kuelekea ukumbi wa michezo. Kijiti ni jirani yangu, na darasani tunakaa dawati moja. Ni mrefu, mwembamba, na mdomo wake haujui likizo. Mpaka tufike ukumbini huwa ameshanisimulia mambo ya siku nzima, hata yale tuliyoyaona pamoja.

Nyuma ya ukumbi kuna chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti. Sasa ni chumba cha klabu ya kulenga shabaha. Upande mmoja zimepangwa meza nne, na mita kumi mbele yake, ukutani, hubandikwa karatasi zenye miduara. Tunatumia bunduki za hewa. Risasi yake ni ndogo kama punje ya dengu, na wageni wengine wakiiona hucheka.

Mzee Tazama Tena hakuicheka kamwe. Huyo ndiye fundi wa bunduki zetu, na jina hilo tulimpa sisi watoto. Ukimwambia umefunga kabati, anajibu, "Tazama tena." Ukimwambia mvua imekatika, "Tazama tena." Kijiti aliapa kwamba hata siku ya harusi yake, mzee alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, lazima aliomba kwanza atazame tena.

Sheria yake kubwa ilikuwa uzi wa njano. Bunduki ikimaliza kazi, tunapitisha ndani ya mtutu uzi mnene wa plastiki, unaingilia mdomoni na kutokea nyuma, pale risasi inapowekwa. Ncha zote mbili lazima zionekane. Kama kuna risasi iliyobaki, uzi haupiti. Kwa hiyo anayeona ncha mbili anajua bunduki ni tupu, na mzee huandika kwenye daftari lake, "Uzi upo," kisha anatia saini.

Sasa niseme ukweli wangu. Kwa kulenga, hakuna mtoto aliyenishinda. Kwa kufungasha, hakuna niliyemshinda. Uzi ule ulinisumbua, ukagoma, ukapinda, na wenzangu wakamaliza nikiwa bado naubembeleza. Kocha wetu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alikuwa na kanuni yake: wa mwisho kufungasha anafagia chumba. Nilifagia wiki baada ya wiki, mpaka Kijiti akaanza kuniita Bibi Ufagio.

Ndipo nikapata akili, au niseme akili ikanipotea. Niliokota uzi mkuukuu kwenye pipa la taka, nikakata vipande viwili vyenye urefu wa kidole. Kimoja nilikichomeka mdomoni mwa mtutu, kingine nikakilaza nyuma. Ukitazama, ncha mbili hizo hapo. Uzi wangu mzima nikauficha ndani ya mkoba. Siku hiyo nilikuwa wa pili kumaliza, Kijiti akafagia, na mimi nikasimama pembeni nikimwonyesha mahali alipoacha vumbi. Nilifanya hivyo wiki tatu, na kila mara nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi ya mwisho kabla ya mambo kuharibika, nilikuwa nimeshaweka risasi moja kwenye bunduki namba tatu Kocha alipopuliza filimbi ya kumaliza. Mtu akikutwa na risasi ndani, anatakiwa ainue mkono, ili Kocha amsimamie aifyatue kwenye shabaha. Lakini kabla sijainua mkono, Kocha alianza kusoma majina ya timu itakayokwenda mashindanoni, na jina la kwanza lilikuwa langu. Moyo ulinijaa furaha, nikasahau kila kitu. Nikachomeka vipande vyangu viwili haraka haraka, mzee akapita, akaona ncha mbili, akatia saini. Nikarudi nyumbani karibu nikiruka.

Jumamosi asubuhi timu iliitwa kwa mazoezi ya ziada, na Kijiti ndiye aliyepangiwa namba tatu. Aliitoa kabatini huku akiongea, akavinyofoa vile vipande huku akiongea, akafunga nyuma ya mtutu bila kutazama. Kisha, badala ya kuelekeza bunduki kwenye shabaha, akanigeukia.

"Bibi Ufagio, hebu ona nitakavyokaa kwenye picha ya kombe," alisema, na kidole chake kilikuwa kwenye triga.

Kocha alikuwa amesimama nyuma yangu, kando ya rafu. Aliangusha penseli, akainama kuiokota. Bunduki ikalia, paa. Chupa ya chai iliyokuwa juu ya rafu ikatoboka, na chai ya moto ikaanza kuchuruzika ukutani.

Kocha aliinuka polepole, akaitazama chupa, akamtazama Kijiti aliyekuwa amegeuka rangi ya majivu. Akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia, "Weka chini. Wote rudini ukutani."

Mzee Tazama Tena alikuja, akaweka kidole kwenye tundu la chupa. Halafu akamwomba Kocha asimame pale alipokuwa amesimama mwanzo. Tundu lilikuwa sawasawa na jicho lake la kulia. Kijiti akaanza kulia kwa kwikwi.

Vile vipande viwili vya njano vilikuwa sakafuni, karibu na kiatu changu. Nikainama kana kwamba nafunga kamba za viatu, nikavitia mfukoni.

"Ulipoichukua, uliutoa uzi?" Kocha alimuuliza Kijiti.

"Sikumbuki," Kijiti alijibu huku akifuta machozi. "Nilikuwa naongea."

Hilo lilimwingia kila mtu akilini. Wakatafuta uzi wa namba tatu mezani na kabatini, wasiuone. Wakafungua daftari. Liliandikwa, "Uzi upo," na chini yake saini ya mzee. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Saini ni yangu," alisema. "Basi niliandika kitu ambacho hakikuwepo. Huenda macho yamezeeka." Mwenyekiti wa klabu alipopigiwa simu, aliamuru chumba kifungwe hadi kikao cha Jumatano, na siku hiyo mzee akabidhi funguo.

Siku tatu zile nilivihamisha vile vipande kutoka mfuko hadi mfuko. Mama yangu ni fundi cherehani, na jioni alikuwa akinishonea jaketi la mashindano, lile zito lenye vitambaa vya ziada begani na kiwikoni. Jumanne aliniita ili nilijaribu.

"Simama wima," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mbona umejikunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma? Jaketi litakupwaya."

"Mama, hili jaketi acha tu."

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, akakaa. Mama akikaa hivyo, ujue hutoki bila kusema. Nikasema yote, kuanzia ufagio hadi chai ukutani, nikaweka vile vipande juu ya cherehani.

Alivigeuza kwa ncha ya mkasi. "Na yule mzee anajua kwamba macho yake ni mazima?"

"Hajui."

"Nani anaweza kumwambia?"

Jibu lilikuwa limevaa jaketi lenye pini.

"Ukisema, timu huendi," Mama alisema. "Najua ulivyoitaka. Hata mimi nimeumia, nimelishona hili jaketi mpaka vidole vimetoboka. Lakini mwanangu, kesho yule mzee anapoteza kazi yake kwa sababu yako. Nitakusindikiza hadi mlangoni. Kuanzia hapo mdomo ni wako."

Jumatano tulipofika, kikao kilikuwa kimeanza. Mwenyekiti, mtu mnene na mpole anayependa amani, alikuwa akisema, "Jamani, tusitafute mchawi. Wahenga walisema ajali haina kinga." Mzee alikuwa ameshaweka funguo mezani. Kijiti alikaa pembeni na baba yake, kimya, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kutisha.

"Shikamooni," nilisema. "Mzee, macho yako hayana kosa." Nikaweka vipande viwili mezani, nikaeleza. Nilipofika pale nilipojifanya nafunga kamba za viatu, nililia, lakini nikaendelea mpaka mwisho.

Mwenyekiti hakuelewa mara moja. Ikabidi mzee achukue bunduki namba tatu, achomeke kimoja mbele na kingine nyuma, amwonyeshe. Mwenyekiti akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. "Mbona uzi upo?" alisema.

"Ndivyo nilivyoona na mimi," mzee alijibu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, mpaka miwani ikamshuka puani. "Siku tatu nimekuwa nikisoma vibao vya maduka kujipima. Jana nimemsomea mke wangu maandishi ya kiberiti nikiwa upande wa pili wa sebule, akadhani nimechanganyikiwa." Hata Kijiti alicheka, na sisi wote tukapumua.

Kocha hakucheka. "Mwenyekiti, wahenga niwaombe radhi," alisema. "Hii ajali ilikuwa na kinga nyingi. Uzi ni kinga, huyu binti akaukata. Kuelekeza mtutu kwenye shabaha ni kinga, Kijiti akageuka. Kidole kukaa mbali na triga ni kinga, hakikukaa. Na mimi niliwashindanisha watoto kwa haraka mahali ambapo haraka haitakiwi kuingia hata mlangoni. Kanuni ya kufagia imekufa leo. Tutafagia wote, na mimi nikiwemo."

"Na mimi nilitazama ncha bila kuuvuta uzi," mzee aliongeza. "Kuanzia sasa, nikivuta huku, nataka niuone ukitembea kule."

Funguo zikarudi mfukoni mwake. Mimi na Kijiti tukaondolewa kwenye timu ya msimu huo, na tukatakiwa kurudia masomo ya usalama tangu somo la kwanza, tukikaa na watoto wa miaka kumi. Iliniuma, sitasema uongo. Lakini usiku huo nililala kama mtoto mchanga.

Siku ya mashindano, Kocha alitupa kazi. Kijiti alibandika karatasi za shabaha na kuwachosha wageni kwa hadithi. Mimi niliwekwa na mzee kwenye meza ya ukaguzi, ambako kila bunduki ilipita kabla ya kuingia. Timu yetu ilishika nafasi ya nne, na zilikuwa timu tano, kwa hiyo Kijiti alitangaza kila mahali kwamba kuna tuliowaacha mbali.

Karibu na mchana alikuja mlengaji mmoja mkubwa wa klabu ya wageni, kifua kimejaa medali. Aliweka bunduki mezani akiwa tayari anaondoka. "Haina kitu hiyo, binti," alisema huku akitabasamu.

"Shikamoo, mjomba. Naomba nione uzi ukitembea."

"Nimelenga shabaha miaka ishirini."

"Naomba nione tu, mjomba."

Watu wawili nyuma yake walicheka. Yeye mwenyewe alisita, kisha akavuta uzi mbele, nami nikauona ukitembea nyuma. Bunduki ilikuwa tupu kweli. "Marahaba," alisema hatimaye, akaingia.

Mzee hakuwa amecheka na wale watu. Nikamuuliza, "Mzee, nimemkosea adabu?"

"Hujamkosea." Alifunga daftari lake, akakaa kitako. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa na mdogo wangu. Tulikuwa klabu moja, tukijiandaa kwa mashindano kama haya, ila bunduki zetu zilikuwa za baruti. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alinipita kwa kulenga. Siku moja tulikuwa tunapakia vifaa kwenye gari, mwenzetu akauliza kama bunduki ile imeshakaguliwa. Mtu mmoja akamjibu kwamba haina kitu, wala hakuitazama. Mwenzetu akaivuta kwa kitako chake, ikafyatuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Hakufika hospitali."

"Aliyejibu alikuwa nani?"

"Nilikuwa mimi."

Ndani ya chumba tulisikia filimbi ya Kocha, na washindani wakianza kuweka bunduki chini. Mzee alinishika bega.

"Bunduki yenye risasi kila mtu anaiogopa, kwa hiyo mara nyingi haimpati mtu," alisema. "Ile iliyomuua mdogo wangu ni ile niliyosema haina kitu. Ukiwa hujaona kwa macho yako, usimwambie mtu ni salama. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa lililofichwa linakaa ndani kama ile risasi, linamngoja mtu mwingine."

Mshindani aliyefuata aliweka bunduki yake mezani. Nilivuta uzi, nikautazama ukitembea, kisha nikautazama tena.