Mkono Wenye Kiwiko

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimtungia mama uzi kwenye sindano ya cherehani. Yeye alikaa akinitazama, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama mtoto aliyesinzia. Mkono huo haukufanya kazi tena. Mama alipata kiharusi nikiwa darasa la tano, nami nikaacha shule ili niwe mkono wake.

Kabla ya hapo alikuwa mshonaji wa mashati. Watu walimwita Mama Kola, kwa sababu hakuna aliyeshona kola kama yeye. Baada ya kiharusi aliweza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, lakini kitambaa kilimkimbia. Kitambaa kinataka mikono miwili. Mmoja unakibana, mwingine unakiongoza.

Baba ni mchomeleaji wa vyuma. Karakana yake iko kwenye uwanja wa mafundi, nyuma ya chuo kikuu cha teknolojia. Aliona mama anavyohangaika, akachomelea mkono mdogo wa chuma na kuufunga kwenye meza ya cherehani. Ule mkono ulibana kitambaa upande wa kulia na kukisindikiza mpaka kwenye sindano. Siku mama alipomaliza pazia peke yake, alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee," alimwambia baba, "umeniletea mke mwenza wa chuma."

"Huyu hali wala hagombani," baba akajibu.

"Hali, lakini ananiangalia vibaya."

Pale uwanjani kuna desturi moja. Fundi akitengeneza kitu kipya, hakifichi. Anakiweka langoni Jumamosi, wenzake wanakishika, wanakifungua, na kila mmoja anataja kasoro moja. Tunaita kuanika. Fundi anayeficha huitwa mchoyo, na siku akikwama hakuna wa kumwazima hata koleo.

Basi baba aliuanika ule mkono. Mafundi walikuja, na wapita njia pia. Mtu mmoja tusiyemjua alikuwa akipiga video kwa simu. Baba alifurahi sana. Akaupindua mkono ili yule mtu aone na chini.

Miezi ikapita. Jioni moja jirani yetu alikuja akihema. Yeye ni fundi sanifu katika maabara ya chuo. Mtaani tunamwita Mama Vipimo, kwa sababu hata sukari ya chai anaisawazisha kwa kisu.

"Fundi, kuna tangazo chuoni," alisema. "Wanatoa fedha za utafiti. Hata mtu wa nje anaweza kuomba, mradi ashirikiane na mtu wa chuo. Nimeufikiria ule mkono wa Mama Kola. Na ofisi ya ubunifu inasaidia watu kuomba hataza."

"Hataza ndiyo nini?" mama akauliza.

"Ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali. Kwa miaka kadhaa, mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza wala kuuza kitu chako bila ruhusa yako."

Baba akasimama. "Kumbe haki kama hiyo ipo!"

"Ipo. Ila niambie, nani ameuona?"

"Wote!" baba akasema kwa fahari. "Mimi si mchoyo. Niliuanika."

Mama Vipimo akaweka kikombe chini.

"Shemeji," alisema, "ungeniambia kabla. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kipya maana yake watu hawajaonyeshwa. Ukishakionyesha hadharani, sheria haikihesabu tena kuwa kipya, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe. Zipo nchi zinazompa mvumbuzi muda mfupi wa kuomba baada ya kuonyesha, lakini si zote. Twende ofisini tukaulize."

Tulikwenda sote. Afisa wa ofisi ya ubunifu alitusikiliza vizuri, akamwuliza baba maswali, halafu akatikisa kichwa. Tulikuwa tumechelewa.

Wakati wa kurudi tulipita dukani kwa muuza cherehani. Mama alisimama ghafla, akaegemea fimbo yake. Ndani ya kioo kulikuwa na mikono ya chuma imepangwa, imepakwa rangi ya fedha. Baba aliingia, akaushika mmoja, akaupindua.

Alipokuwa akitengeneza wa kwanza, baba alikosea kutoboa. Tundu moja lilikuwa halina kazi. Mikono ile ya dukani yote ilikuwa na tundu hilo.

"Inatoka kiwandani," muuzaji akasema. "Inakwenda kama maji."

Mama akatazama lile tundu. "Mzee," alisema polepole, "wamechukua hata makosa yako."

Safari hiyo hakucheka.

"Wanaweza kutukataza kutengeneza wa kwetu?" baba alimwuliza Mama Vipimo.

"Hapana. Wao pia hawastahili hataza, maana mkono ulikwishaonekana. Wewe tengeneza. Ila huwezi kuwazuia wao."

Baba alitengeneza, lakini kiwanda kilitengeneza mingi na kwa bei ndogo. Akaacha. Alirudi kwenye mageti na madirisha. Kilichomuuma mama ni kingine. "Ulinitengenezea mimi," alimwambia baba. "Leo mtu akiuliza mkono huu umetoka wapi, ataambiwa kiwandani. Ningependa siku moja kitu kimoja kijulikane kimetoka kwenye nyumba hii."

Afya yake ilikuwa inashuka. Hata hivyo alitaka kushona kola, na kola ilimshinda. Mkono wa chuma ulikwenda moja kwa moja tu. Kwenye kona ya kola ulikwama na kukunja kitambaa. Siku moja alikwama tena, akaitupa kola sakafuni. Nikaiokota. Nilipoinuka nilimkuta amekunja mkono wake mzima, anaukunjua, anaukunja tena.

"Mwanangu," alisema, "huyu mke mwenza hana kiwiko."

"Kiwiko?"

"Mtu asiye na kiwiko atashonaje kola? Nipe chaki."

Alichora juu ya meza kwa mkono wa kushoto. Alichora kiungo katikati, na springi ndogo ya kuurudisha mkono baada ya kona. Baba alipokuja alitazama mchoro huo, akaivua kofia yake.

Alichomelea sawasawa na alivyoelekezwa. Hakuchomelea uwanjani. Alichomelea nyuma ya nyumba, na mama akikaa kando yake kukosoa. "Springi kali. Legeza. Si hivyo, mzee, hicho ni kiwiko cha mbuzi." Mwisho kola ikapita kwenye kona bila kukunjika.

Baba akainuka. "Jumamosi nauanika!"

Mama Vipimo alikuwa mlangoni. "Thubutu! Siri ya mtungi aijuaye kata. Muwe kata, msiwe redio."

Akatueleza hatua. Kwanza tuandike maelezo na michoro, ofisi ya ubunifu itatusaidia. Ombi la hataza lipelekwe na kupokelewa, tupewe tarehe. Baada ya tarehe hiyo tunaweza kuonyesha. Kabla yake, mtu akilazimika kuuona mkono, atie sahihi kwanza kwamba atatunza siri. Kwenye ombi la fedha za utafiti tueleze mkono unasaidia nini, tusieleze unavyofanya kazi ndani. Na mkataba wa chuo tuusome kabla ya sahihi, tujue haki itakuwa ya nani.

"Hayo yote yatachukua muda," mama akasema.

"Yatachukua, dada yangu."

"Basi fanyeni haraka. Mimi sina wa kupoteza."

Uwanjani wakaanza kunong'ona. Rafiki mkubwa wa baba ni fundi mabati, tunamwita Bati. Alikuja mpaka mlangoni.

"Siku hizi unafunga geti? Umeoa?"

"Nina kazi ya ndani," baba akajibu.

"Kazi ya ndani! Fundi mwenye kazi ya ndani ni mke wa nani?" Bati alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ulishika koleo langu miaka yote, leo unanificha?"

Baba alirudi ndani akiangalia chini.

Kabla ya michoro kukamilika, mama alipata kiharusi cha pili. Alikaa hospitali kwa muda mfupi. Mchana mmoja aliniita karibu, maneno yake yakitoka kwa shida.

"Nikiondoka kabla ya tarehe, msianike. Hata watu wakisema nini. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mwambie baba yako. Moyo wake ni mlango wazi, huyo."

Alfajiri iliyofuata alifariki.

Mafundi wote walikuja msibani. Walibeba viti, walichota maji, waliosha vyombo. Baada ya mazishi Bati alisimama mbele ya watu.

"Tunajua kuna kitu Mama Kola ameacha," alisema. "Tukitoe. Tukiweke hapa, tumuage kwa kazi yake, kama tunavyofanya sisi."

Baba aliinuka. Nilimwona anatazama mlango wa chumba cha nyuma. Alitaka. Nilijua jinsi alivyotaka. Halafu akaketi tena.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi?" sauti ya Bati ilipanda. "Hata marehemu unamfanyia uchoyo?"

Mimi si msemaji. Mbele ya watu ulimi wangu hukauka. Lakini nilimwona baba ameinamisha kichwa kama mwizi, nikasimama.

"Mjomba, ni mama aliyekataza," nilisema. "Ule wa kwanza tuliuanika, mkauona, na mtu akauchukua. Sheria haikutusaidia kwa sababu tuliuonyesha mapema. Mama aliomba huu usubiri karatasi zipokelewe. Baada ya hapo utakuwa wa kwanza kuushika. Baba si mchoyo. Baba ametii."

Bati alinitazama. Kisha akavuta kiti, akakaa kando ya baba, bega kwa bega. Wanaume wawili wale wakalia bila sauti.

Siku tulipokwenda kuwasilisha ombi, afisa alimwuliza baba, "Mvumbuzi tumwandike nani? Wewe?"

Mama Vipimo alikuwa ametufundisha kwamba mvumbuzi ni aliyekifikiri kitu, si mkubwa wa nyumba wala mwenye karakana.

"Mimi nilichomelea tu," baba akasema. "Aliyefikiri ni mke wangu. Lakini amefariki. Marehemu anaandikwa?"

"Anaandikwa," afisa akajibu. "Yeye anabaki kuwa mvumbuzi. Haki zinakwenda kwa warithi wake."

Baba alilitaja jina la mama, herufi kwa herufi, ili wasikosee. Tukapewa karatasi yenye tarehe. Tulipotoka nje alisimama kando ya ukuta. "Tumechelewa kidogo tu," alisema. "Kidogo tu."

Jumamosi hiyo aliuanika mkono wenye kiwiko. Bati aliushika kwanza, kama nilivyoahidi. Aliukunja na kuukunjua, na wenzake wakasubiri ataje kasoro.

"Springi itachoka upesi," alisema. "Weka nene." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mengine sina."

Fedha za utafiti zilipatikana, Mama Vipimo akiwa mshirika wetu chuoni. Baba alitengeneza mikono kadhaa kwa springi nene, tukaipeleka hospitali, kwenye chumba cha mazoezi cha watu waliopooza. Mimi ndiye niliyewafundisha kushona. Mwanzoni niliongea nikitazama sakafu. Siku hizi nawatazama usoni. Mmoja wao amerudi kwenye duka lake la ushonaji, na mwingine anashona sare za watoto wake.

Hataza ilichukua muda mrefu, lakini ilitoka. Kwenye mstari wa mvumbuzi kuna jina la mama peke yake.

Halafu watu wawili walikuja kutoka kile kiwanda. Safari hii waligonga mlango. Walivua viatu, wakaomba ruhusa ya kutengeneza mkono wenye kiwiko, kwa mkataba na malipo.

"Tungependa kuonana na mvumbuzi mwenyewe," mmoja alisema.

Baba alivuta viti viwili.

"Mmechelewa na ninyi," alisema. "Karibuni, kaeni."

Wakatoa mkataba na kalamu. Baba aliisogeza kalamu pembeni, akanipa mimi zile karatasi.

"Soma kwanza, mwanangu."

Nilisoma kwa sauti, polepole, mstari kwa mstari. Penye neno gumu nilirudia. Hakuna aliyeniharakisha.