Kinu Ndani ya Kompyuta

Jua likianza kupoa, Adolphine huosha sahani, hufagia uwanja, kisha humfunga binti yake Déborah mgongoni. Baada ya hapo hana tena kazi. Anakaa.

Nyumba yao iko Kindu, mji wa Kongo ulio kando ya mto Lualaba, upande wa reli. Ina vyumba viwili. Tangu Bruno, mume wake, aende mahali paitwapo Kama kuchimba dhahabu, chumba kimoja kinatosha. Bruno hakuondoka kwa ugomvi. Aliondoka kwa sababu mjini kazi haikuonekana. Lakini kule Kama, mahali anapochimba, hakuna mtandao. Akitaka kupiga simu, lazima apande kilima. Siku nyingi simu ya Adolphine inakaa kimya juu ya meza, kama sahani ya mtu ambaye hakuja kula.

Kitu kimoja kilimsaidia jioni: kompyuta. Bruno aliinunua kuukuu kwa watu wa mradi mmoja waliokuwa wanafunga ofisi yao. Nyumbani walipata umeme kidogo wa sola, ukatosha kuiamsha. Ndani yake ilikuwamo sauti ya mama mzazi wa Adolphine, Mama Scholastique.

Mama Scholastique alifariki wakati wa mvua zilizopita. Kabla ya hapo, siku moja, Adolphine alimrekodi kwa simu akitwanga sombe, majani ya muhogo, uwanjani. Bruno akaiingiza sauti ile ndani ya kompyuta. Baadaye simu ikaanguka ndani ya Lualaba, wakati Adolphine anashuka kwenye pirogi, yaani mtumbwi. Basi sauti ikabaki mahali pamoja tu.

Katika sauti ile mama anasimulia miaka ya vita. Adolphine alikuwa mtoto mdogo. Treni ilikuwa haiji tena. Baba alivuka mto kutafuta chakula, njia ikafungwa nyuma yake, na hakurudi. Mama na mtoto wakabaki wawili. Kila mara kabla ya kutwanga, mama alifunga kitambaa kwenye mchi, ili kishindo chake kisiwaite watu wenye bunduki. Sombe ilitoka na nyuzi za nguo.

"Na wewe ukaniuliza," mama anasema katika kompyuta, huku anacheka, "'Mama, leo tunakula kitenge?' Ee, mwanangu. Tulikula kitenge. Lakini leo ninatwanga bila kitambaa. Kindu yote isikie!"

Kisha mchi unapiga. Du! Du! Du!

Adolphine alizoea kusikiliza mpaka hapo. Halafu analala.

Jioni moja alimpakata Déborah mbele ya kompyuta. Mtoto akaanza kupiga vibonye kwa viganja vyote viwili, kwa furaha. Kioo kikawa cheusi. Kilipowaka tena, kompyuta ilidai neno la siri.

Adolphine hakuogopa. Neno analijua. Bruno aliliweka mbele ya macho yake, na neno lenyewe ni jina lake: adolphine. Akaandika. Kila herufi ikawa nukta nyeusi. Kompyuta ikajibu kwa Kifaransa kwamba haikubali, ajaribu tena.

Akajaribu tena, kwa kidole kimoja, polepole. Haikubali.

Akajaribu mpaka Déborah akasinzia juu ya mapaja yake.

Kesho yake aliifunga kompyuta ndani ya kitenge, akaipeleka kwa Rémy, kijana anayetengeneza simu karibu na soko.

Rémy akaiwasha, akakunja uso. "Mama, hii si ile système tunazoea. Hii ni ile ya bure. Inasumbua. Mimi mwenyewe inanichosha."

"Lakini neno ni lile lile. Juzi lilifungua."

"Nani aliliweka?"

"Bwana yangu. Yeye iko Kama."

Rémy akainua mabega. "Labda ameibadilisha akiwa mbali. Zile système za bure, wenye kuzijua wanafanya kila kitu. Hata kufungia bibi mulango."

Alisema kwa mzaha. Lakini Adolphine hakucheka.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitaformate. Ni kufuta vyote vya ndani na kuweka système ingine, ile ya batu wote. Utaifungua vizuri."

"Na sauti ya mama yangu iko ndani?"

Rémy akamtazama. Hakuwa kijana mbaya. "Pole, mama. Nikifuta, itaenda."

Adolphine akasema atarudi kesho. Akaifunga tena kompyuta ndani ya kitenge. Njiani aliikumbatia kifuani, na Déborah mgongoni, na watu waliompita walidhani amebeba watoto wawili.

Mchana ule mawazo yalimla. Kwa nini Bruno aondoe jina lake? Ana mwingine kule Kama? Akiiacha kompyuta hivi, mama atabaki ndani, amefungiwa. Akimpa Rémy, mama atafutwa. Jioni ile ilikuwa ya masomo ya wanawake wa mtaa, lakini hakwenda. Alichukua kinu, akatia majani ya sombe, akaanza kutwanga. Mchi ulishuka polepole, bila kishindo.

"Hodi!"

Alikuwa Yaya Aïcha, dada mkubwa kama wanavyomwita, mwalimu wao wa masomo ya jioni. Anakaa ng'ambo ya njia. Ni yeye aliyewafundisha wanawake wengi wa mtaa kusoma, na sasa anawafundisha pia kompyuta.

"Karibu, yaya."

"Starehe. Darasani haukuonekana. Nikapita hapa, nasikia mutu anatwanga kama anaiba sombe ya wengine. Nikasema, huyu si Mama Déborah. Kitu gani?"

Adolphine alitaka kusema hakuna kitu. Machozi yakatangulia. Akaeleza yote: neno, Rémy, sauti ya mama, na Bruno.

Aïcha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bwana yako anakupigia simu mara ngapi?"

"Ni shida. Kule hakuna réseau."

"Hakuna réseau ya kukusalimia, lakini iko réseau ya kukufungia masini?"

Adolphine akauweka mchi chini. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Leta hiyo masini," Aïcha alisema. "Na wewe mwenyewe njo utaandika. Mimi nitaangalia tu."

Adolphine akaiwasha. Akaandika jina lake. Zikatokea nukta nyeusi.

"Usibonyeze kitu kwanza," Aïcha akasema. "Unaona nini pembeni ya nukta?"

"Kama jicho ndogo."

"Gusa pale."

Adolphine akasogeza mshale mpaka kwenye jicho, akabonyeza. Nukta zikageuka herufi. Akasoma, akashika mdomo.

Kioo kilikuwa kimeandika: qdolphine.

"Lakini mimi nimepiga A! Nimepiga A, yaya, umeniona!"

"Nimekuona. Kidole chako hakina kosa. Sasa angalia kule juu, kwenye pembe. Kuna herufi gani mbili?"

Adolphine akainama. Zilikuwa ndogo sana. "E na N. Sikuziona hata siku moja."

"Ni nani atakayeziona? Ndogo kama chawa!" Aïcha akacheka. Kisha akaeleza polepole. "Kila kompyuta ina programu kubwa inayoiamsha na kuongoza kazi zote. Njo ile Rémy anaita système. Hii yako inajua vibonye vya Kifaransa na vya Kiingereza. Kibonye kimechapwa A mbele yako, lakini kwa mpango wa Waingereza, pale panakaa Q. Zile herufi EN zinasema kompyuta inafuata mpango wa Kiingereza. Unabonyeza A, yenyewe inapokea Q. Na kwa sababu inaficha herufi kwa nukta, wewe haujue."

"Nani aliibadilisha?"

"Kuna vibonye viwili, ukivipiga pamoja, mpango unageuka. Nani alipiga vibonye jana?"

Wote wawili wakamgeukia Déborah. Alikuwa ameketi chini, anakula jani la sombe.

"Fundi njo huyu!" Aïcha akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile Adolphine akacheka.

"Sasa bonyeza zile herufi EN. Orodha itashuka. Chagua FR, ya Kifaransa."

Adolphine akachagua. Akafuta jina, akaliandika upya. Safari hii alilitazama herufi kwa herufi. A. D. O. L. P. H. I. N. E. Akabonyeza.

Kompyuta ikafunguka.

Adolphine alitazama tu. Jina lake lilikuwa mle siku zote. Bruno hakuliondoa.

"Lakini na wewe," Aïcha akasema, "jina lako mwenyewe njo siri? Hata mbuzi wa jirani angefungua! Leo tutaweka lingine. Refu, ambalo wewe na Bruno tu munajua."

"Yaya, kwanza kitu ingine. Nitoe mama humo ndani. Nimuweke na mahali pengine."

"Umesema vizuri. Hilo njo kubwa kuliko yote."

Aïcha akatoa flashi mfukoni, kale kadude kadogo ka kuhifadhia mambo ya kompyuta. Adolphine akaichomeka. Aïcha akamwonyesha jinsi ya kubonyeza faili la sauti, kuchagua kunakili, kufungua flashi na kubandika. Kabla ya kuichomoa, akamfundisha kuiaga kompyuta kwanza, kwa kubonyeza alama ya kutoa, ili faili lisiharibike.

"Kitu cha thamani kisikae mahali pamoja," Aïcha akasema. "Masini inakufa. Simu inaanguka ndani ya mto. Na mutu akikuambia ataformate, muulize kwanza: unaweza kutoa vitu vyangu mbele? Mara nyingi inawezekana. Mutu anaamsha kompyuta kwa flashi iliyotayarishwa, anatoa vitu, bila kufuta hata kimoja."

"Rémy hakusema hivyo."

"Rémy hakufundishwa. Nitamuita aje darasani, na yeye atatufundisha mambo ya simu."

Adolphine akafikiri. "Lakini yaya, kwa nini watengeneze kitu hivi? Herufi ndogo vile, na mutu anateseka?"

"Waliotengeneza walikuwa wanajua maana yake. Wakazania kila mutu anajua. Hawakukuona wewe hapa, na mutoto kwenye mapaja. Lakini hii programu ni wazi. Ni ya bure, inakubali masini ya zamani kama hii, na kila mutu anaweza kuwaandikia wale wanaoitengeneza."

"Wanajibu?"

"Mara ingine. Mara ingine wananyamaza. Siye tunaandika tu."

Siku iliyofuata Adolphine alipita kwa Rémy, akamweleza. Rémy akakuna kichwa. "EN na FR? Ile tu? Mama, na mimi nimefuta masini za batu wangapi?" Tangu siku hiyo, akiletewa kompyuta iliyokataa neno la siri, hutazama kwanza ile pembe ya juu.

Darasani, Adolphine alikata vipande vya karatasi, akaandika FR kwa herufi kubwa, akabandika kimoja kwenye pembe ya kila kompyuta. Chini yake aliandika: Tazama hapa kwanza. Kisha wanawake wote wakaandika pamoja ujumbe kwa watengenezaji. Waliomba mambo mawili: herufi zile ziwe kubwa, na zikae karibu na mahali pa kuandika neno la siri. Aliyebonyeza kuutuma alikuwa Adolphine. Jibu halijafika bado.

Nyumba ikabaki na vyumba viwili, na kimoja bado kinatosha. Jioni bado ni ndefu. Lakini jioni moja Adolphine aliweka kompyuta kwenye mlango, akafungua sauti ya mama, akachukua mchi. Mama alipofika pale pa kitenge, Adolphine alicheka naye. Mama alipoanza kutwanga, na yeye akaanza. Du! Du! Du! Déborah akapiga viganja chini.

Simu ikalia. Alikuwa Bruno, juu ya kilima, upepo ukimvumia mdomoni.

"Adolphine! Unanisikia?"

"Ninakusikia. Bruno, nilizania umenifungia masini."

"Nikufungie? Na neno ni jina lako mwenyewe?"

"Ni hadithi ndefu. Njoo, nitakuelezea."

"Nitakuja mvua zikikatika. Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ninatwanga sombe."

"Peke yako?"

Adolphine akatazama mlangoni. Ndani ya kompyuta mchi wa mama ulikuwa unashuka, bila kitambaa.

"Hapana," akasema. "Tunatwanga wawili."